Swali la Kumi na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Shamima alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kufagia uwanja, na ya pili ni kufuta vioo vya keri, kile kigari kidogo cha mizigo cha baba yake. Ya kufagia aliifanya kwa kununa. Ya kufuta vioo aliifanya kwa moyo mmoja, kwa sababu keri ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Baba yake, Ishak, alisafirisha mwani kwa gari lile. Wanawake wa Micheweni wakishavuna na kuukausha mwani wao, yeye hupakia magunia na kuyapeleka Wete kwenye ghala la tajiri anayeununua. Tajiri huyo alikuwa na sharti moja: gari liwe na bima kubwa, ile ambayo hulipa hata gari lenyewe likiharibika. Dereva asiyekuwa nayo hapewi hata gunia moja.

Shamima alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakimwita aandike ubaoni. Nyumbani ndiye aliyekuwa karani. Ishak aliweza kumtambua ng'ombe wa jirani aliye ng'ambo ya bonde, lakini herufi za karibu zilimchezea machoni. Habari za miwani hakutaka hata kuzisikia. "Hiyo ya wazee," husema, "mimi bado kijana." Alikuwa na miaka arubaini na tisa, kijana huyo! Basi kila karatasi iliyoingia nyumbani ilipita mikononi mwa Shamima. Yeye husoma, baba hujibu, yeye huandika, baba hutia sahihi. Kusema kweli, kazi hiyo ilimtia binti huyu kiburi kidogo.

Jumamosi moja, bima ilipokaribia kwisha, Ishak alirudi kutoka Wete na fomu ya kurasa nne. Alikuwa amepewa na wakala wa bima, Bi Conchesta, mama wa makamo kutoka Bukoba ambaye alikuwa na mwaka wa sita kisiwani Pemba.

"Kasema tusome kila swali, tusifanye haraka," Ishak alimwambia mwanawe. "Haya karani, kaa tuanze."

Walianza. Jina, shehia, namba ya gari, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa. Jua lilikuwa kali na maswali hayakuwa na mwisho. Upande wa pili wa ukuta wenzake Shamima walikuwa wameshachora mistari ya mchezo wa nage. "Shamima we! Tunaanza bila yako!" aliita rafiki yake Nahla. Shamima alijibu kwamba anakuja, kisha akageuza ukurasa wa tatu na kufika swali la kumi na moja. Akalisoma kimoyomoyo:

"Je, katika miaka mitatu iliyopita gari hili limehusika katika ajali yoyote, hata kama kosa halikuwa la dereva, na hata kama hukudai malipo? Kama ndiyo, eleza."

Kalamu ilisimama, maana ajali ilikuwapo. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka uliopita keri ilikuwa imeegeshwa kando ya soko la Wete, Ishak mwenyewe yumo dukani ananunua tende. Lori la saruji lilirudi nyuma bila kuangalia, likaibonyeza ubavu wa nyuma kama kopo la maziwa. Dereva wa lori, Mzee Jaribu, hakubisha wala hakukimbia. Alilipa fundi, keri ikanyooshwa na kupakwa rangi. Halafu wazee walikaa, pande mbili zikapeana mikono na fatiha ikasomwa. Mzee Jaribu akasema, "Leo tumelizika hili. Asilitaje ntu tena." Na kwa watu wa huko, jambo likishasomewa fatiha, kulitaja tena ni utovu wa adabu.

"Mbona kimya? Wanauliza nini hapo?" Ishak aliuliza.

Shamima aliitazama ile nafasi ya kueleza. Ilikuwa na mistari sita mitupu. Akasikia vicheko vya wenzake nje.

"Wanauliza kama umegonga mtu, baba."

"Mimi? Sijagonga hata kuku! Andika hapana."

Akaandika HAPANA kwa ule mwandiko wake mzuri. Ishak alitia sahihi chini ya ukurasa wa nne, na Shamima akakimbilia nage. Siku ile alicheza vizuri kuliko wote, na usiku akalala usingizi wa mtoto mchanga. Uongo mdogo hauna makelele. Hukaa pembeni ukingoja siku yake.

Siku yake ilifika baada ya miezi minne, wakati wa masika. Ishak alikuwa akirudi kutoka Wete, barabara imerowa na inateleza, ng'ombe aliyekata kamba akamkatia njia kwenye kona. Ishak aliuzungusha usukani ghafla ili kumkwepa. Keri iliserereka, ikatoka barabarani na kubingiria mtaroni. Watu walimtoa akiwa amevunjika mkono wa kulia. Gari lilikuwa limepinda hata milango haikufunguka.

Majirani walijaa nyumbani kutoa pole. Mama yake Shamima, Mwanapili, alilia hata akapoteza sauti. Ishak ndiye aliyekuwa akiwatuliza wenzake, mkono ukiwa umefungwa plasta.

"Roho imepona, alhamdulillahi. Gari lina bima kubwa. Watalipa, nitanunua jingine, mwani utakwenda. Mwalilia nini?"

Mkaguzi wa bima alikuja kutoka Unguja wiki iliyofuata. Alikuwa kijana mpole mwenye tochi na kikwangulio. Alipiga picha, akaizunguka keri mara tatu, halafu akachutama ubavuni nyuma, akagonga bati kwa kidole na kukwangua rangi kidogo. Chini ya rangi palitokea chokaa ya mafundi, ile ya kuzibia bati lililobonyea.

"Mzee, hapa pamewahi kugongwa?"

"Ah, hapo! Hiyo ya zamani," Ishak alijibu bila wasiwasi wowote. Akamsimulia yote, tangu tende mpaka fatiha. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili lake.

"Mbona kwenye fomu umeandika hapana?"

"Hapo waliuliza kama nimegonga ntu."

"Hapana, mzee. Sikiliza." Mkaguzi akalisoma swali la kumi na moja, neno kwa neno.

Shamima alikuwa mlangoni ameshika sinia lenye gilasi ya maji ya ndimu. Alimwona baba yake akikunja uso, akijaribu kukumbuka. Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Aliogopa, akanyamaza.

"Basi mimi sikuelezwa hivyo," Ishak alisema mwishowe. "Yule mama wa Wete hakunieleza."

Kampuni ilisimamisha malipo. Tajiri wa mwani alingoja siku tisa, kisha akampa kazi dereva mwingine. Hakuwa na ubaya. Mwani ukikaa bila kuchukuliwa huingia unyevu na kuharibika. Mwanapili, aliyekuwa na shamba lake la mwani, sasa kila akitoka pwani alikwenda pia machimboni kupasua kokoto, na vidole vyake vikaanza kupasuka pamoja nazo. Chai ya asubuhi ikawa ya rangi, isiyo na maziwa wala andazi. Ishak alikaa barazani akiutazama mkono wake. Na kila aliyepita akamuuliza habari, alimpa jibu lile lile.

"Yakhe, kaniponza yule mama wa bara. Hakunieleza swali."

Neno likitoka mdomoni halina hatamu. Lilipofika Konde lilikuwa limekuwa: yule mama huwajazia watu fomu kwa makusudi ili wasilipwe. Lilipofika Wete lilikuwa limekuwa: yule mama ni mwizi. Watu walianza kuzirudisha fomu zao. Wengine walipita mbele ya ofisi yake bila salamu, watu ambao jana walikuwa wakimwita dada.

Shamima aliyaona hayo kwa macho yake siku alipofuatana na baba yake hospitali ya Wete kuuangalia mkono. Njia yao ilipita mbele ya ofisi ya Bi Conchesta. Mlangoni, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: MWIZI RUDI KWENU. Bi Conchesta alikuwa amepiga magoti na ndoo ya maji ya sabuni, anasugua. Alipowaona alisimama na kujifuta mikono kwenye kanga.

"Baba Shamima, pole na mkono. Unaendeleaje?"

Ishak aligeuza uso akapita. Ishak huyo huyo, ambaye humwamkia hata mwendawazimu wa sokoni! Shamima alimtazama Bi Conchesta, na Bi Conchesta akajaribu kutabasamu, akashindwa. Kisha akapiga magoti tena, akaendelea kusugua.

Hospitali walikaa kwenye benchi wakingoja zamu. Shamima alimgeukia baba yake.

"Baba, si yeye."

"Si yeye nani?"

"Bi Conchesta hana kosa. Swali lilikuwa vile vile alivyosoma yule mkaguzi. Mimi nililifupisha. Nilikwambia wanauliza kama umegonga mtu. Haikuwa hivyo." Machozi yalimtoka. "Nahla na wenzake walikuwa wananiita. Tena nikaona jambo lenyewe tumeshalisomea fatiha."

Ishak hakumpiga wala hakumkemea. Ingekuwa afadhali angemkemea. Alikaa tu akitazama sakafu, na muuguzi akaita "Ishak! Ishak!" mara mbili asisikie. Mwishowe alisimama.

"Twende," alisema.

"Baba, na mkono wako?"

"Mkono utangoja. Yule mama kashangoja sana."

Walimkuta Bi Conchesta bado mlangoni. Neno la kwanza limefutika, mengine mawili bado. Ishak alisimama mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu, akainamisha kichwa.

"Bi Conchesta," alisema, "nimekudhulumu. Nimekutangaza kwa watu, na kosa limetoka nyumbani kwangu. Nisamehe."

Shamima akaeleza yote tena, mpaka ile mistari sita aliyoikwepa, safari hii kwa sauti ambayo hata muuza duka wa jirani aliisikia. Bi Conchesta aliwakaribisha ndani na kukaa kwenye kiti chake.

"Nimekusamehe, Baba Shamima," alisema. "Lakini nitakwambia jambo litakalokuuma. Mngeandika ndiyo, mkaeleza kwamba lori ndilo lililowagonga nanyi mmeegesha, mngekatiwa bima vile vile. Pengine bei isingepanda hata kidogo. Ajali ambayo si kosa lako haikuharibii jina. Kampuni inataka tu kulijua gari inalolikatia bima."

"Kumbe mistari sita ile ingetosha," Ishak alinong'ona.

"Ingetosha miwili."

Shamima alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe, kwa ajili ya nage.

"Nitawaandikia kampuni, nieleze ilivyokuwa," Bi Conchesta aliendelea. "Lakini sitaki kukudanganya. Matumaini ni madogo sana."

Ijumaa ile, baada ya sala, Ishak aliomba ruhusa ya kusema msikitini. Aliwaambia watu kwamba Bi Conchesta hana hatia, kwamba fomu iliharibika nyumbani kwake na sahihi ni ya mkono wake. Jina la bintiye hakulitaja. Walikuwapo waliocheka chini chini. Aliyemfuata nje alikuwa Mzee Jaribu, yule wa lori, na alikuwa amekasirika.

"Ishak, nani kakwambia unifiche mimi? Niliposema tusilitaje, nilikusudia tusije tukagombana. Serikali ikiuliza, bima ikiuliza, nitaje! Mimi si ndiye niliyekugonga?"

Akaenda mwenyewe Wete, akatia sahihi ya ushahidi mbele ya Bi Conchesta. Barua ikatumwa, nao wakabaki kungoja.

Walingoja wiki tano. Plasta ilitolewa, na mkono ukaonekana umeunga vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena. Keri ilikaa uani, mvua inaingia, kutu inapanda. Siku bahasha ilipofika, Mwanapili aliacha nyundo yake ya kokoto, akaja kukaa karibu na mumewe mkekani. Ishak alimpa Shamima barua.

Shamima aliifungua, na jicho lake likaangukia mstari wa tatu. Alimtazama baba yake na kumwona amemkazia macho, anangoja. Akili ikamnong'oneza: mwambie bado wanafikiria. Mpe angalau siku mbili za kupumua. Hawezi kuisoma, hatajua.

Akavuta pumzi, akasoma.

"Tumepokea maelezo yako na ya shahidi wako. Tunasikitika kukuarifu kwamba hatutalipa fidia ya gari hili, kwa sababu ajali ya mwanzo haikutajwa wakati bima ilipohuishwa." Sauti ilimkatika. Hakuna aliyemsaidia. Akaendelea. "Tumeridhika kwamba wakala wetu hakufanya kosa lolote. Na kwa kuwa umekuja mwenyewe kueleza ukweli, hatutaliweka jina lako miongoni mwa wadanganyifu. Ukipata gari jingine, tuko tayari kulikatia bima."

"Gari jingine," Mwanapili alisema, akacheka kicheko kikavu, kisha akajifunika uso kwa kanga.

"Umesoma yote?" Ishak aliuliza.

"Yote, baba. Mpaka sahihi."

Ishak aliichukua barua, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Wiki iliyofuata alikuja Pandu, fundi kutoka Chake Chake anayenunua magari mabovu na kuyauza vipande vipande. Aliikagua keri, wakaelewana bei. Haikuwa bei ya kumfurahisha mtu, lakini ilitosha kuwalisha mpaka Ishak apate kibarua. Pandu akataka hati ya mauziano, na Shamima akaletewa karatasi.

"Andika," Ishak alisema. "Gari hili limepata ajali mara mbili. Ya kwanza liligongwa na lori ubavu wa nyuma, likatengenezwa. Ya pili lilibingiria mtaroni."

Pandu alishtuka. Akaenda nyuma ya keri, akachutama, akapapasa bati.

"Mzee Ishak, mimi fundi na hiyo ya nyuma sikuiona! Bati hili nilishalihesabu zima. Ukiniandikia zote mbili, lazima nishushe bei."

"Shusha."

"Baba!" Shamima alishindwa kujizuia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimefungwa vitambaa, anasikia kila neno. "Hakuuliza, baba. Na ile haikuwa kosa letu."

Ishak aligeuka akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya hospitali, alisema naye kwa upole.

"Haikuwa kosa letu, mwanangu, na ndiyo maana haikuwa na aibu yoyote. Aibu tumeitia siye, tulipoificha. Fatiha hufunga ugomvi, haifungi kweli. Ntu ana haki ya kujua anachokichukua, aulize asiulize. Na ukiwa wewe ndiye macho ya mwenzio, msomee lote, hata likimuumiza. Mimi nami nina langu: nilitia sahihi kitu nisichokijua, nikamtupia lawama ntu asiyekuwapo. Tumelipa gari zima kwa somo hili. Tukilisahau leo, tutakuwa tumelipa bure."

Pandu alitazama pembeni, akataja bei mpya. Mwanapili aliisikia, akaingia ndani. Shamima alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaweka karatasi juu ya goti, na kwa mwandiko wake mzuri akaandika ajali zote mbili.